Hati, nyufa na chumba cha watoto

Barua za mwezi huu zimekuja pamoja na matope ya masika, na nyingi zinahusu nyumba. Wengi mmevuka arobaini na tano, mmejenga kwa miaka kumi kidogo kidogo, na sasa mnagundua kuwa kuhamia haukuwa mwisho wa kazi. Nimechagua sita. Majina nimeyaacha.

Habari dada. Nina miaka 52, nakaa Njiro. Nataka kukopa benki niongeze mtaji wa duka, dhamana iwe nyumba yetu. Hati ina jina langu peke yangu, lakini mke wangu amegoma kusaini. Kuna namna ya kumpita?

Hakuna kaka yangu, na hata ingekuwepo nisingekuonyesha. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Ndiyo maana benki wanamtaka aje na kitambulisho chake. Wapo wanaokwenda kuapa kwamba hawana mke. Usifanye hivyo. Ni kosa la jinai, na siku likifumuka unakuwa umepoteza mke na nyumba pamoja.

Tena usiseme "nimejenga mwenyewe". Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Uji aliowapikia mafundi, na lori la mchanga alilolipokea saa kumi na mbili asubuhi wewe ukiwa safarini, vyote vimo kwenye kuta hizo.

Hili limenipitia. Mume wangu alitaka kukopa kwa nyumba anunue gari la abiria, nikakataa, tukalala wiki tatu tumegeuziana migongo. Sikuwa napinga gari. Nilikuwa na swali moja ambalo hakuwa ameliuliza: gari likilala gereji miezi miwili, rejesho litatoka wapi? Siku moja alikuja na daftari la kaunta, tukakaa mezani, akaandika mapato ya siku, mafuta, dereva, matairi. Hesabu ikagoma. Alikopa kiasi kidogo kwenye SACCOS kwa dhamana ya akiba zake, akaanza na bodaboda mbili. Nawe weka ile fomu pembeni kwanza, mpelekee mkeo daftari. Akiona hesabu na bado akakataa, msikilize, huenda ameona shimo ambalo wewe umelifunika kwa hamu.

Shikamoo mama. Nyumba yetu iko Muriet, ina miaka sita. Nyufa zimetokea kwenye pembe za madirisha. Fundi anasema tubandue plasta tupige nyingine. Mume wangu amekubali, mimi roho inasita. Udongo wetu ni ule mweusi unaonata kwenye mabuti.

Marahaba mwanangu. Roho yako iko sahihi. Udongo mweusi wa mfinyanzi unavimba ukinywa maji na unasinyaa ukikauka. Nyumba iliyokaa juu yake inanyanyuliwa na kushushwa kila mwaka, na msingi usipokuwa na nondo za kutosha ukuta unaachia pale ulipo dhaifu, yaani pembeni mwa dirisha na mlango. Ukipiga plasta juu ya ufa unaotembea, masika ijayo utaukuta palepale.

Kabla ya kumlipa mtu, chukua penseli. Chora mstari unaokatiza ufa, andika tarehe ukutani, pima upana kwa rula. Rudia kila mwezi, mvua hadi kiangazi. Ufa mwembamba kama unywele, usiobadilika, ni wa plasta tu, huyo fundi anautosha. Unaopanda ngazi ngazi kufuata viungo vya tofali, au unaomeza sarafu, mwite mhandisi wa majengo aje aone msingi. Ada yake isikutishe, ni ndogo kuliko kujenga ukuta upya.

Kuna kazi ambayo haimsubiri mhandisi: kuyazuia maji. Weka gata, bomba lake limwage mbali na ukuta. Zungushia nyumba zege la upana wa mita moja, liinamie nje. Migomba iliyogusa ukuta ihamishwe, na bustani usiimwagilie chini ya dirisha, hata kama maua yanapendeza hapo. Nyumba ya jirani yangu huku Moshono iliacha kupasuka baada ya gata na zege tu. Alikuwa ameshapiga plasta mara tatu.

Nina mita mbili za umeme wa LUKU, yangu na ya mpangaji wa chumba cha uani. Zote zinakatwa kodi ya jengo. Ni haki?

Nyumba moja ya kawaida inapaswa kukatwa mara moja. Makato haya yalianza 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, yakapanda hadi 1,500 mwaka 2023, yaani 18,000 kwa mwaka. Chukua namba za mita zote mbili na risiti, nenda TANESCO, waeleze kuwa jengo ni moja. Na mpangaji aliyekatwa kwenye umeme wake mrudishie, maana kodi ya jengo ni ya mwenye jengo.

Tumehamia pembezoni mwa Arusha, maji ni ya kisima. Mama mkwe anasema tukichemsha yametosha. Mjukuu ana miaka mitatu.

Mpe mama mkwe heshima yake: kuchemsha kunaua vijidudu, endeleeni. Ila floraidi haichemki ikaondoka. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki na kuzidi ukali. Maji mengi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, na yale meno ya kahawia mnayoyaona mitaani chanzo chake ni hiyo. Mtoto wa miaka mitatu ndiyo kwanza meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya fizi, kwa hiyo msingoje.

Pelekeni sampuli ipimwe. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi, maji ya mvua yaliyovunwa kwenye bati safi yawe ya kunywa na kupikia, au tumieni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Hapo Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kilichofanya kazi hiyo miaka mingi. Na magadi ya kulainishia maharage yapunguzeni, nayo yanaweza kubeba floraidi.

Kihamba cha baba, shamba letu la ukoo, kiko Marangu. Kila Desemba tukirudi nakuta jirani, ambaye ni mtoto wa baba mdogo, amesogeza mpaka. Mke wangu anasema niende mahakamani. Nifanyeje?

Kaka, mpaka wa kihamba ni masale, ile mimea ya majani marefu inayopandwa mpakani, na masale hayasogei yenyewe. Usiyang'oe wala kupanda mengine usiku. Nenda mwaka huu kabla ya pilikapilika za Krismasi, ukae na wazee wanaokumbuka babu zenu waliyapanda wapi. Mtembee mpaka mzima kwa miguu, yeye akiwepo. Mkikubaliana, andikeni, msaini, mashahidi wasaini. Mkishindwa, baraza la ardhi la kijiji ndiyo hatua inayofuata. Mkeo amechoka kuona unanyamaza, namwelewa. Lakini kwa Wachagga jani la sale ndilo pia la kuombea msamaha, na mwenye kosa akija nalo mkononi ni vigumu kumfukuza. Mwachie nduguyo nafasi ya kuja nalo.

Shikamoo dada, niko Soweto, Moshi. Mtoto wetu wa mwisho ameenda chuo Dodoma. Mume wangu anataka chumba chake kipangishwe. Mimi nikiingia mle nalia. Tunakula kimya, kila mtu na simu yake. Je, nakosea kukataa?

Marahaba mdogo wangu. Hukosei. Wa kwetu wa mwisho alipoondoka, niliendelea kusonga ugali wa watu watano kwa karibu miezi miwili. Mkono ulikuwa haujaambiwa. Mume wangu alikuwa anakula kiporo asubuhi bila kusema kitu, nami nikadhani hajali. Baadaye nilimkuta chumbani kwa mtoto, anakaza skrubu za kitanda ambacho hakilaliwi na mtu.

Mwombe mwenzio likizo moja ipite. Mtoto arudi akikute chumba chake, aamue mwenyewe nini kifungwe kwenye boksi na nini kigawiwe. Kodi ya chumba mnaihitaji, kama ada ya chuo inawabana, na mume wako hasemi hivyo kwa kukosa upendo. Muulize kwa sauti: inabana kiasi gani? Mjibizane mkiwa mnapika pamoja, simu zikiwa chumbani. Na leo jioni pima unga wa watu wawili.