Kuficha faili si kuzisimba: kuhusu flashi yenye sehemu ya siri

Swali: Nina flashi ya gigabaiti 32 ninayobebea picha za kazi pamoja na nyaraka zangu binafsi, zikiwemo vyeti, mikataba na taarifa za benki. Niliweka programu ya kufunga folda kwa nenosiri, nayo ilifanya kazi vizuri mpaka juzi, nilipoichomeka flashi kwenye kompyuta ya mwenzangu inayotumia Linux. Folda nzima ilionekana na kufunguka bila kuulizwa chochote. Sasa nataka kuigawa flashi, sehemu moja ibaki wazi na nyingine isimbwe. Je, nikiifuta folda ile na kuhamishia faili katika sehemu mpya, nitakuwa salama?

Jibu: Ndugu msomaji, kompyuta ya mwenzako haikuvunja kufuli lolote, kwa sababu kufuli halikuwepo. Programu nyingi za aina hiyo huipa folda alama ya kufichwa, au huibadilisha jina ili Windows isiionyeshe kama folda ya kawaida, kisha huweka dirisha la nenosiri mbele yake. Dirisha hilo ni la programu, si la faili. Ukiondoka kwenye kompyuta inayoitii programu hiyo, kila kitu kiko pale pale kilipokuwa. Flashi za namna hii huletwa kwangu mara kwa mara, na jambo la kwanza ninalofanya ni kuzisoma baiti kwa baiti, nje ya folda na majina yake. Faili za PDF huanza kwa herufi %PDF, na herufi hizo huwa zinasomeka waziwazi katika flashi ambayo mwenyewe ameniambia kwa uhakika kwamba ameifunga.

Sehemu iliyosimbwa kweli haina hali hiyo. Kila kinachoandikwa humo hubadilishwa kwa ufunguo kabla hakijafika kwenye chipu, na anayekisoma bila ufunguo huona baiti zisizo na mpangilio wowote: hakuna majina ya faili, hakuna idadi yake, hakuna tarehe. Kipimo chake ni chepesi. Chomeka flashi kwenye kompyuta isiyo na programu uliyotumia. Ukiona hata jina moja la faili ulilokusudia kulificha, tambua kwamba hujasimba kitu.

Sasa nije kwenye swali lako la mwisho, ambalo ndilo zito zaidi. Hapana, kufuta na kuhamisha hakutoshi. Kufuta huondoa kumbukumbu ya mahali faili lilipo, na faili lenyewe hubaki mpaka nafasi yake iandikwe upya. Katika flashi hata kuandika juu yake hakukuhakikishii, kwa kuwa kidhibiti kilichomo ndani hugawa uandishi kwenye chipu ili zisichakae upande mmoja, na unapodhani unaandika mahali pale pale, huenda kinaandika kwingine na kuiacha nakala ya zamani ilivyo. Kompyuta haiioni tena nakala hiyo, lakini mtu mwenye vifaa vya kusoma chipu moja kwa moja anaweza kuipata. Kwa hiyo simba kwanza, ndipo uandike. Tafuta flashi ambayo nyaraka hizo hazijawahi kuwekwa zikiwa wazi, uisimbe ikiwa tupu, kisha uhamishie faili humo. Ile ya zamani iandike yote kuanzia mwanzo hadi mwisho kabla ya kuipangia kazi nyingine, na kama nyaraka ni nyeti mno, vunja chipu yenyewe.

Kuhusu njia, itategemea kompyuta unazotumia. Kwa Linux pekee, LUKS, mfumo wa kusimba wa Linux yenyewe, inatosha. Kwa Windows pekee ipo BitLocker To Go, ya Windows yenyewe, ingawa matoleo ya Home huweza kufungua flashi iliyosimbwa na si kuisimba. Kwa anayezunguka kati ya Windows na Linux kama wewe, au hata macOS, ninashauri VeraCrypt, programu ya kusimba inayofanya kazi katika zote. Ukigawa flashi, sehemu ya wazi iwe ya kwanza, kwa sababu kabla ya sasisho la Windows 10 la mwaka 2017, Windows iliona sehemu ya kwanza tu ya flashi. Tena jiandae kwa jambo moja: Windows ikikutana na sehemu isiyoielewa, huleta ujumbe kwamba diski inapaswa kufomatiwa kabla ya kutumika. Ukikubali, umeharibu kila kitu. Ni kwa sababu hiyo ninapendelea wengi watengeneze faili moja kubwa la VeraCrypt, lililosimbwa na kubeba faili nyingine ndani yake, katika flashi ya kawaida yenye mfumo wa faili wa exFAT, kwani mfumo wa zamani wa FAT32 haupokei faili linalofikia gigabaiti 4. Kumbuka tu kwamba katika Windows, VeraCrypt huhitaji ruhusa ya msimamizi ili isakinishwe, au iendeshwe bila kusakinishwa, na kwamba nenosiri likiandikwa kwenye kompyuta yenye virusi vya kunasa vibonyezo, usimbaji hauna la kukusaidia.

Nenosiri lako halisimbi faili moja kwa moja. Hufungua ufunguo halisi, ambao umehifadhiwa katika kichwa cha sehemu hiyo, kwa kawaida mwanzoni. Kichwa kikiharibika, hata mwenye nenosiri sahihi huenda asifungue. Tengeneza nakala ya kichwa siku hiyo hiyo na uihifadhi mbali na flashi. Kwa BitLocker, hifadhi ule ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48. Ukibadilisha nenosiri baadaye, haribu nakala ya zamani ya kichwa, kwa maana bado inafunguka kwa nenosiri la zamani.

Kinachonisikitisha ni kwamba watu hawafiki kwenye makosa haya kwa uzembe, bali wanauziwa. Wapo wanaotangaza mbinu ya siri waliyoitunga wenyewe, kana kwamba siri hiyo ni sifa. AES, mbinu ya kusimba inayotumika katika programu zote za kusimba nilizozitaja, ilichaguliwa kwa shindano la wazi lililotangazwa mwaka 1997 na ikawa kiwango rasmi cha Marekani mwaka 2001, na tangu wakati huo wataalamu wa dunia nzima wanaijaribu hadharani. Wapo pia wanaosambaza nakala za TrueCrypt, programu ya zamani ya kusimba, ambayo watengenezaji wake waliiacha mwaka 2014. Hata cheti hakitoshi chenyewe: mwaka 2010 ilibainika kwamba flashi kadhaa ghali, zilizothibitishwa rasmi na kutumia AES ya biti 256, zilifunguka kwa ishara ile ile moja iliyotumwa na programu yake, bila kujali nenosiri la mwenye nayo. Usimbaji ulikuwa sahihi. Mlango wa kuufikia ndio uliokuwa wazi.

Wabaya zaidi ni wanaoahidi kurejesha flashi iliyosimbwa ambayo imekataa kufunguka. Bila nenosiri wala ufunguo wa uokoaji hawana njia, isipokuwa nenosiri lilikuwa dhaifu kiasi cha kukisiwa. Nimeletewa flashi zilizopita mikononi mwao, zikiwa zimefomatiwa katika majaribio na kichwa kimeandikwa juu, huku mwenyewe analikumbuka nenosiri lake vizuri, na tatizo la mwanzo lilikuwa kichomeo kilicholegea tu.