Waraka wa matarajio ukipitishwa na mamlaka, mnunuzi wa hisa amehakikishiwa nini?

Aliyeuliza anataka kujua kama waraka wa matarajio, yaani ule ambao kampuni hutoa inapouza hisa kwa umma ili kueleza biashara, fedha na hatari zake, ukipitishwa na mamlaka ya masoko ya mitaji ni uthibitisho kwamba hisa zinazouzwa ni nzuri. Jibu langu ni hapana. Nimefanya kazi kwa miaka mingi katika ofisi ya katibu wa kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa, ambako kuandaa nyaraka za aina hiyo kulikuwa sehemu kubwa ya majukumu yangu, na ninaumia kila ninapoona watu wakiweka akiba zao kwa kutegemea muhuri ambao haukusudii kusema wanachodhani unasema.

Sheria nyingi za leo zinabeba wazo lililowekwa wazi na sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1933, iliyotungwa baada ya mporomoko wa masoko wa 1929. Sheria hiyo haimkatazi mtu kuuza hisa za kampuni dhaifu. Inamkataza kuuficha udhaifu huo. Ndiyo maana kumwambia mnunuzi kwamba tume ya dhamana, yaani mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, imeithibitisha hisa kuwa bora ni kosa kwa mujibu wa sheria hiyo hiyo. Mamlaka hukagua kama yanayotakiwa kuelezwa yameelezwa, kisha uamuzi wa kununua au kuacha hubaki kwa mnunuzi.

Hilo halina maana kwamba waraka ni karatasi tupu. Katika ofisi yetu, kila sentensi yenye dai, hata ile inayosema tu kwamba kampuni inaongoza katika sekta yake, ilitakiwa kuwa na ushahidi uliohifadhiwa kwenye jalada, na wanasheria waliiondoa isiyokuwa nao. Walikuwa na sababu: chini ya sheria ya 1933, waraka ukiwa na uongo kuhusu jambo zito, mnunuzi anaweza kuwashtaki wakurugenzi, waliotia saini, wakaguzi wa hesabu waliothibitisha takwimu na taasisi zilizodhamini uuzaji. Hao wanaweza kujitetea kwa kuonyesha kwamba walichunguza kwa uangalifu. Kampuni yenyewe haiokolewi kwa kusema kwamba haikujua.

Ugumu mkubwa uko katika kuamua jambo lipi ni zito. Mwaka 1976 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema ni lile ambalo kuna uwezekano mkubwa kwamba mwanahisa mwenye busara angeliona muhimu katika kuamua. Kipimo hicho kinampa mwandishi wa taarifa nafasi kubwa ya kujadiliana na dhamiri yake, na kesi ya Texas Gulf Sulphur, kampuni ya madini ya Marekani, inaonyesha nafasi hiyo inavyoweza kutumika vibaya. Novemba 1963 kampuni hiyo ilichimba shimo la utafiti karibu na Timmins, Kanada, likatoa matokeo ya ajabu. Taarifa hizo zikiwa bado siri, baadhi ya watu wa ndani walinunua hisa. Tarehe 12 Aprili 1964 kampuni ilitoa tamko la kupoza uvumi, na siku nne baadaye ikatangaza ugunduzi mkubwa. Mahakama ya rufaa iliamua mwaka 1968 kwamba mwenye taarifa nzito ya ndani ana njia mbili tu: kuitangaza, au kutonunua wala kuuza.

Kwa hiyo, ukipata waraka, usianze na barua ya mwenyekiti, kwa kuwa hiyo huandikwa ili ipendeze. Anza na sehemu ya hatari, ukitafuta zile zinazoihusu kampuni hiyo peke yake, kwa sababu zile za jumla hunakiliwa kutoka waraka mmoja hadi mwingine. Kisha soma maelezo yaliyo nyuma ya taarifa za fedha: mikataba kati ya kampuni na wakurugenzi au jamaa zao, na kesi zilizoko mahakamani, pamoja na sehemu ya waraka inayoeleza matumizi ya fedha zitakazokusanywa. Linganisha faida iliyotangazwa na fedha taslimu zilizoingia kutokana na biashara. Zikitofautiana sana kwa miaka kadhaa mfululizo, tafuta sababu katika maelezo hayo hayo. Maoni ya mkaguzi wa hesabu yasome yote, hasa aya inayogusia uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli zake.