Kwa nini kituo cha tuisheni hakitaji bei kwenye simu

SWALI: Nimepigia simu vituo vitatu vya tuisheni nikiulizia ada ya hisabati kwa binti yangu. Kote nimejibiwa kwamba bei inategemea mahitaji ya mtoto, hivyo nimlete kwanza afanye mtihani wa bure. Je, ni kweli bei haiwezi kutajwa kabla ya mtihani huo?

JIBU: Ndugu mzazi, inaweza. Mtihani unaweza kubadili idadi ya vipindi atakavyohitaji binti yako; haubadili bei ya saa moja ya mwalimu, ambayo kituo hupanga kwa kuangalia somo, darasa, na iwapo mtoto atafundishwa peke yake au katika kundi. Mambo hayo yote unaweza kuyataja kwenye simu.

Niliwahi kupokea simu za wazazi katika kituo kimoja. Orodha ya bei ilikuwa mezani, lakini tulikatazwa kuisoma, kwa kuwa kazi yetu ilipimwa kwa idadi ya wazazi waliokubali kuja. Mzazi akiuliza kiasi, tulimrudishia swali: mtoto yuko darasa la ngapi, amepata alama ngapi, nyumbani anasoma saa ngapi? Kufikia swali la nne mzazi alikuwa anaeleza hofu zake, na habari ya bei imemtoka.

Ukifika, utaonyeshwa karatasi ya mtoto iliyojaa wino mwekundu kabla ya kutajiwa kiasi chochote, na pengine utakuwa umeombwa uje na mwenzako, ili pasiwe na mtu wa kusema anakwenda kushauriana nyumbani. Bei nayo huja imekatwakatwa: kwa wiki, au kwa awamu ya mwezi. Izidishe mwenyewe papo hapo. Saa 2 kwa wiki, kwa wiki 48, ni saa 96, na juu yake kuna ada ya usajili, vitabu, na wakati mwingine malipo ya vipindi ambavyo mtoto hakuhudhuria.

Kipengele kinachoumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni cha kurejeshewa fedha, na ndicho wazazi wanachokiruka. Tuseme umelipia saa hizo 96 kwa punguzo la asilimia 30, kisha ukavunja mkataba baada ya saa 48. Ungetarajia nusu ya fedha zako. Iwapo mkataba unasema saa zilizotumika zitakokotolewa kwa bei isiyo na punguzo, utarudishiwa takriban asilimia 29 tu ya ulicholipa, hata kabla ya kukatwa gharama nyingine.

Kwa hiyo, kabla ya kumpeleka binti yako, viandikie vituo vyote vitatu ujumbe mmoja: bei ya saa moja ni ipi, mkataba mfupi kabisa ni wa muda gani, nitakuwa nimelipa jumla ya kiasi gani siku ya mwisho, na nikisitisha katikati hesabu itafanywaje? Anayekupigia simu badala ya kuandika, mwombe kwa heshima akujibu kwa maandishi. Ukiamua kwenda, omba nakala ya mtihani uliosahihishwa umwonyeshe mwalimu wake wa hisabati shuleni, naye akuambie kama makosa yale ni ya mada ambazo darasa lake limekwisha kufundishwa.