Cid kijana, mbona mjeuri hivi?

SWALI: Katika utenzi wa Cantar de mio Cid, Cid, shujaa wa Hispania, ni mtu mzima, mstahimilivu, anayemheshimu mfalme hata baada ya kufukuzwa nchini. Katika Mocedades de Rodrigo, utenzi wa ujana wake, ni mtoto asiye na adabu. Nimsadiki yupi?

JIBU: Kwanza angalia tarehe. Cantar ni wa karibu mwaka 1200. Mocedades ulitungwa yapata 1360. Utu uzima wake uliimbwa kwanza, ujana ukabuniwa zaidi ya karne moja baadaye. Ukiusoma Mocedades kama sura ya kwanza ya maisha yake, utapotea. Rodrigo Díaz wa kihistoria, yaani Cid mwenyewe, alifariki Valencia mwaka 1099, na alimwoa Jimena yapata 1074. Mfalme Fernando, ambaye Mocedades unamfanya mshenga wao, alikwisha kufa mwaka 1065!

Washairi wote wawili wanampima shujaa kwa jinsi anavyosimama mbele ya mfalme. Katika Cantar, Cid anapopatanishwa na Alfonso, mfalme aliyemfukuza, kando ya mto Tajo, anapiga magoti, anashika ardhi kwa mikono, na kung'ata majani kwa meno. Katika Mocedades, baba yake anainama kuubusu mkono wa Mfalme Fernando. Rodrigo anakuja na upanga mrefu hadi mfalme anaingiwa na hofu na kutaka aondolewe. Kijana anajibu kwamba hataki kuwa mtumishi wake, tena anaona aibu kwa kuwa baba ameubusu mkono ule.

Umri nao si bure. Hajatimiza miaka 13 anapomuua kabaila Gómez de Gormaz, aliyewashambulia wachungaji wa baba yake. Jimena, binti wa marehemu, ndiye anayeomba aozwe kwa muuaji ili ugomvi uishe. Rodrigo anaozwa bila kuulizwa, naye anaapa kutomkaribia mke mpaka ashinde vita vitano vya uwanjani. Kwa maoni yetu hapo ndipo utunzi ulipo hodari zaidi: kiapo kinamnyima mfalme utii wa haraka, na kinampa mshairi uzi wa kufungia vita vyote vinavyofuata.

Unaposoma, orodhesha vita hivyo pembeni, maana visa vya ziada, kama kile cha mkoma anayegeuka kuwa Mtakatifu Lazaro, hukatisha hesabu. Usitafute usiku wa arusi: nakala pekee, iliyoko Paris, ina mishororo ipatayo 1,160 na imekatika mwishoni, Rodrigo akiwa bado vitani Ufaransa.