Uvimbe mmoja, namba tatu: maswali yenu kuhusu DNA ya kansa ya utumbo mpana

SWALI: Shikamoo dokta. Mama mkubwa wangu anakaa Oslo, alifanyiwa opareshen wakamtoa uvimbe kwenye utumbo mpana upande wa kushoto, akakubali vipande vyake vitumike kwenye utafiti. Sasa majibu yametoka, binamu yangu katusomea kwenye simu, eti wamepima kiasi cha DNA sehemu nne za uvimbe ule ule, mbili zimetoka 1.0, moja 1.6 na nyingine 1.8. Huku nyumbani ni mabishano tu, wengine wanasema maabara wamechanganya wagonjwa, shangazi anasema basi ana kansa tatu. Tushike lipi? – Binti, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na mumpe pole mama mkubwa. Maabara muwaache kwanza, hawajachanganya mtu, na shangazi mwambie kansa ni hiyo hiyo moja. Namba kupishana ndani ya uvimbe mmoja wa utumbo mpana ni jambo la kawaida kabisa, shida ni kwamba wanaopimwa mara nyingi wanapimwa kipande kimoja tu kwa hiyo hawajui.

Hiyo 1.0 ni kiasi cha DNA cha seli ya kawaida, ile yenye kromosomu 46, yaani mafungu ambamo DNA imefungwa. Ukiona 1.6 ujue mzigo umezidi kwa asilimia 60, sawa na seli kubeba kromosomu kama 73 hivi. Zimetoka wapi? Seli ikitaka kugawanyika inakopi DNA yake yote halafu inagawa pasu kwa pasu. Ya kansa mgao unaenda kombo, huyu kaondoka na kromosomu ya ziada yule kakosa, au inakopi vizuri ikifika kugawanyika inagoma, inabaki na mzigo mara mbili, halafu vizazi vinavyofuata vinadondosha kromosomu moja moja, ndo maana unakuta namba za katikati kama 1.8. Mambo haya yameonekana zamani sana, Mjerumani David von Hansemann aliyachora akiwa Berlin mwaka 1890, kwa darubini tu. Ila aliyenishtua mimi ni mtafiti Lengauer na wenzake Kinzler na Vogelstein wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, mwaka 1997 walifuatilia seli za kansa ya utumbo mpana zilizooteshwa maabara wakakuta zile zenye kromosomu zilizovurugika zinapoteza au kuongeza kila kromosomu zaidi ya mara moja kwa migawanyo 100. Sasa piga hesabu, uvimbe una seli mamia ya mamilioni na zimekuwa zikigawanyika miaka, utategemea pembe hii na ile zifanane kweli?

Lakini hizo 1.0 mbili msizishangilie haraka. Ndani ya uvimbe hamna seli za kansa peke yake, kuna mishipa ya damu, kuna seli za nyuzi, kuna askari wa mwili waliokuja kupambana, wote hao DNA yao ni 1.0. Kipande kikichukuliwa sehemu walipojazana hao, mashine inasoma 1.0 na kansa imo humo humo. Muulizeni aliyepima, kipande kile kilikuwa na seli za kansa kiasi gani?

Na kuna karatasi nyingine ambayo kwa matibabu ina uzito kuliko hii, majibu ya zile protini nne za kurekebisha DNA: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Kama asilimia 15 ya kansa za utumbo mpana zina kasoro hapo, zaidi upande wa kulia, na hizo mara nyingi zinakaa karibu na 1.0 kwa sababu makosa yake ni madogo madogo kwenye herufi za DNA, siyo kromosomu nzima. Mwenye 1.6 na 1.8 upande wa kushoto simdhanii sana huko, ila kipimo kisomwe. Ikionekana protini imekosekana waulizeni kama ni ya kurithi, maana hapo mama yako mzazi na wewe mnaingia kwenye hesabu.

SWALI: Mimi nasoma maabara Dodoma, hiyo DNA wanaipimaje, na bloku za nta za miaka iliyopita, yaani vile vipande vya uvimbe vilivyohifadhiwa ndani ya nta, zinafaa?

JIBU: Zinafaa, mtafiti David Hedley na wenzake walionyesha njia mwaka 1983. Unakata vipande vinene sana kuliko vya slaidi za darubini, unaondoa nta, unarudishia maji, unaweka pepsini, kimeng'enya kinachoyeyusha protini, ili viini vya seli vilegee vitoke, unavipaka rangi inayoshika DNA, mfano propidiamu ayodaidi, halafu vinapita kwenye leza kimoja kimoja. Kinachong'aa sana kina DNA nyingi. Unapata grafu yenye milima, mlima wa seli za kawaida uko 1.0, ukiona mlima wa pili umejitenga hapo 1.6 umeshapata jibu. Kilima kidogo cha 2.0 kisikutie kiwewe, hizo zinaweza kuwa seli za kawaida zilizomaliza kukopi zinasubiri kugawanyika tu. Kisu kikikata kiini katikati grafu inachafuka upande wa kushoto, kwa hiyo usikate vyembamba.

SWALI: Kwa hiyo mwenye 1.8 ndo anakufa mapema?

JIBU: Hapana, usisome hivyo. Kwa wastani wenye DNA iliyovurugika matokeo yao huwa mabaya kidogo kuliko wenye 1.0, tafiti nyingi zimeonyesha hivyo, ila ni wastani wa watu wengi. Kinachoamua zaidi ni stej: uvimbe umeingia ukuta wa utumbo mpaka wapi, mitoki mingapi imekutwa na kansa, ini na mapafu viko salama au la. Mtu wa 1.8 ambaye mitoki yake yote ni misafi ana nafasi nzuri kuliko wa 1.0 ambaye kansa imeshafika kwenye ini.