Hakuna programu ya kununua, dada yangu

Juzi msomaji mmoja ameniandikia kwamba kila siku anatoka ofisini giza limeshaingia, siku nzima imeliwa na baruapepe na ripoti. Anauliza anunue programu gani. Dada yangu, usinunue kitu. Unachokitafuta kimo humohumo kwenye kompyuta unayoitumia.

Mimi nilianza kazi kama karani wa kuingiza taarifa. Kila mwisho wa mwezi tulikuwa tunaletewa orodha ndefu ya wateja, jina la kwanza na la ukoo vimebanana kwenye kisanduku kimoja, na sisi tuyatenganishe. Wenzangu walikuwa wakiyaandika upya, jina moja moja, kutwa nzima. Sikukubali. Nikachimba mpaka nikagundua kwamba Excel, tangu toleo la 2013, inajifunza kwa mfano. Unaandika jina la kwanza la mteja wa juu kwenye safu ya pembeni, unashuka kisanduku kimoja, unabonyeza Ctrl+E, na safu nzima inajaa yenyewe. Kagua tu wenye majina matatu, maana hapo ndipo huchanganya. Na ukibadilisha orodha baadaye, rudia, kwa sababu haijirekebishi kama fomula.

Kazi ya kutwa iliisha asubuhi. Nilipoipeleka kwa msimamizi wangu, alisema mbele ya wote kwamba kazi iliyoisha upesi hivyo lazima imelipuliwa. Akaikagua mstari kwa mstari, hakupata kosa, na hakusema neno jingine. Mpaka leo linaniuma lile. Lakini mwezi uliofuata wenzangu walikuwa wamejipanga nyuma ya kiti changu wakitaka niwaonyeshe, na wapo ambao hadi sasa hunipigia simu wakikwama.

Tangu hapo nina sheria moja: jambo nililolifanya kwa mkono mara tatu, mara ya nne nalikabidhi kompyuta.

Chukua baruapepe. Kama kuna jibu unaloliandika kila wiki kwa watu tofauti, kwenye Gmail washa violezo katika mipangilio ya kina, ulihifadhi, kisha uwe unaliita tu na kubadilisha jina. Majarida na taarifa za mifumo zitengenezee kichujio ziende zenyewe kwenye fungu lake. Outlook nayo ina kanuni zinazofanya kazi hiyohiyo. Ukitafuta kiambatisho cha zamani kwenye Gmail, usiteremke na kipanya kurasa kwa kurasa. Andika from: na jina la mtumaji, ongeza has:attachment, kitajitokeza. Na muda wa kutengua ujumbe uliokwisha kutumwa, ambao Gmail huuanzia sekunde 5, upandishe mpaka 30. Utanishukuru siku utakapokumbuka faili baada ya kubonyeza tuma.

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na V, ukubali kuwasha kumbukumbu ya kunakili. Vitu ulivyonakili, hata 25, vinakusubiri uchague cha kubandika. Kwenye Word, vichwa vya habari vipe mitindo yake, kisha ukiingiza orodha ya yaliyomo itajitengeneza. Kuandika namba za kurasa kwa mkono ni kujitesa.

Sasa usiniambie huna muda wa kujifunza. Muda huo unautumia tayari, kila siku, kwa kurudia kitu kilekile. Kukaa ofisini mpaka usiku si bidii, na bosi anayepima kazi kwa saa ulizokaa kitini anakudanganya. Jifunze! Kitu kimoja kwa wiki kinatosha, mradi ukitumie siku hiyohiyo, maana usipokitumia unakisahau.

Kwa dada aliyeniandikia: hiyo ripoti inayokuchelewesha, futa majina ya wateja wako, unitumie ukurasa mmoja tu. Nitakuonyesha pa kuanzia.