MCV Ikivuka 100, Usiridhike na Vidonge vya Kuongeza Damu

Msomaji mmoja kanitumia majibu yake ya FBP, yaani kipimo cha picha kamili ya damu. Himoglobini 9.8, na MCV 114 yenye herufi H pembeni, yaani imezidi. Kaambiwa damu ndogo, kapewa vidonge vya chuma na foliki asidi, basi. Nilisonya peke yangu, maana njia hiyo naijua.

Mimi nina sukari, na metformini nimeimeza miaka mingi. Nilianza kwa kuchoka, ikafuata ganzi ya nyayo, mpaka kandambili inanivuka njiani sina habari. Kila nilikokwenda ni rozela, maini, tembele na vidonge. Mmoja akanijibu bila hata kuinua uso: "Mama, huo ni uzee." Sijamsamehe.

MCV ni ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu. Kwa mtu mzima kawaida ni 80 hadi 100. Ukikosa chuma, chembe huwa ndogo. Sasa mwenye 114 chuma cha nini, kabla hajapimwa?

Daktari aliyenifaa alianza na maswali: pombe? Chakula? Dawa gani? Maana pombe huzikuza, ini bovu pia, tezi ya shingo iliyozembea, hata dawa kama zidovudini, methotreksati na haidroksiyurea wanayotumia wenye selimundu. Kwa wazee huweza kuwa ugonjwa wa uboho. Kisha damu yangu ikapakwa kwenye kioo, akaniita nichungulie hadubini: chembe nyekundu kubwa zenye umbo la yai, na nyeupe moja ambayo kiini chake kilikuwa kimekatika vipande 6. Hapo akashuku nimekosa vitamini B12 au foleti (ndiyo hiyo ya vidonge vya foliki asidi), akaagiza vipimo vyake, na vya ini na tezi.

B12 ilikuwa chini mno. Metformini huzuia mwili usiifyonze vizuri, na mchicha na tembele havina B12. Hiyo iko kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Nikachomwa sindano. Uchovu uliisha, ganzi ya vidole viwili haijaondoka.

Jamani, ulizeni! Foliki asidi peke yake yaweza kupandisha damu huku mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika kwa kukosa B12. Daktari akikasirika, akasirike. Uliza tena.

Nawe uliyeniandikia, kapime B12 wiki hii, ubebe na pakiti za dawa zako zote. Kama unameza ya sukari, usiiache bila kuambiwa.